Ukuta wa mita 18 kwa 6 na uwanja mdogo: tunaagizaje kazi ya sanaa ya kuenzi urithi wa jiji?

Katibu_Kamati

Wakuu, salaam. Baraza la jiji limeridhia kazi ya sanaa ya kudumu katikati ya mji, ya kuwaenzi mafundi wa karakana za reli na wafumaji wa zamani. Mahali pako pawili, panapakana. Pa kwanza ni ukuta wa urefu wa mita 18 na kimo cha mita 6, unaotazama magharibi, una lipu ya saruji na rangi ya zamani iliyobambuka upande wa chini. Pa pili ni uwanja mdogo mbele ya ukuta huo, unaoweza kubeba sanamu. Ukuta ni mali ya mtu binafsi, amekubali kwa mdomo. Maadhimisho yako miezi kumi kutoka sasa.

Tunaomba msaada kwa haya: tuchague mchoro wa ukutani au sanamu? Msanii tumpateje, maana wajumbe wengi wanataka tutangaze shindano na kila mtu alete mchoro kamili? Bajeti igawanywe vipi kwa asilimia? Mkataba usikose nini? Na la mwisho, ambalo limeshaanza kutugombanisha: nani aamue historia ipi ichorwe?

Dira

Ndugu Katibu, naanza na la msanii kwa sababu ndilo huharibu miradi mapema. Msiite michoro ya bure. Mkitangaza kila mtu alete mchoro kamili wa ukuta, mtapata kazi nyingi za wenye muda na chache za wenye uwezo. Msanii mzoefu hawezi kukaa wiki tatu kwenye mchoro usiolipwa huku akijua washindani ni themanini. Tena mchoro uliotengenezwa kabla ya kuzungumza na wenye historia huwa wa kubahatisha: gurudumu la treni, njiwa, mikono iliyoshikana, kwisha.

Fanyeni kwa awamu mbili. Awamu ya kwanza ni wito wa sifa tu: picha kumi za kazi zilizokwisha kusimama, kila moja na vipimo vyake, malighafi, mwaka na bajeti, barua ya ukurasa mmoja, na majina ya watu wawili waliowahi kumwagiza kazi, ambao mtawapigia simu kweli. Waulizeni jambo moja: kazi ilimalizika kwa fedha na muda uliokubaliwa? Jopo lichuje hadi wabaki watatu au watano.

Awamu ya pili, hao waliobaki walipwe kila mmoja kiasi kilekile, walete mapendekezo. Kabla hawajachora, waoneshwe ukuta na wakutanishwe na watu wa karakana na wafumaji. Wapeni wiki saba. Wanacholeta kiwe mchoro wa skeli 1:20 (kwa ukuta wenu ni sentimita 90 kwa 30, unatosha kuonesha sura za watu), kipande kimoja cha sampuli kwa ukubwa halisi, bajeti, ratiba na mpango wa matunzo. Walioshindwa hubaki na michoro yao. Hamjainunua, mmelipia muda.

Jopo la watu saba linatosha: wasanii wawili wasiohusika na mradi, mhandisi au msanifu majengo mmoja, mwanahistoria mmoja, wakazi wawili wa mtaa huo, na mmoja wa jiji. Kila mjumbe aandike alama zake kabla ya mjadala kuanza, la sivyo mtakuwa mnapiga kura ya kumfuata aliyesema kwanza. Na tafadhali, mwanasiasa asiwe mwenyekiti wa jopo hilo.

Bajeti, kwa kila 100: ada ya msanii na usanifu 20; malighafi na utekelezaji 35; kuandaa eneo, yaani matengenezo ya ukuta, msingi na jukwaa la ujenzi, 20; bima, vibali na mhandisi 7; utafiti na mikutano ya wananchi 5; taa, kibao na kumbukumbu za picha 3; akiba ya dharura 10. Kwa ukuta wenye unyevu, hiyo 20 ya maandalizi huenda ikapanda hadi 30, na itatoka kwenye ukubwa wa kazi, si kwenye ada ya msanii. Fedha ya matunzo msiihesabu humo. Tengeni nyingine ya asilimia 10 kwenye akaunti yake.

Akiba watu hupenda kuikata ili hesabu ipendeze barazani. Sanamu ya Cloud Gate ya Chicago, ya msanii Anish Kapoor, ilikadiriwa dola milioni 6 na ikaishia milioni 23. Ni mabamba 168 ya chuma kisichoshika kutu yaliyochomelewa na kusuguliwa hadi mshono usionekane. Kazi yenu ni ndogo mara nyingi, lakini kitu kinachotengenezwa kwa mara ya kwanza hakina bei ya sokoni.

Kwa chanzo cha fedha cha kudumu, miji mingi hutenga sehemu ya gharama za ujenzi. Mamlaka ya uendelezaji ya jiji la Philadelphia, Marekani, ilianza mwaka 1959 kwa kuwadai waendelezaji asilimia 1. Ombeni baraza lifikirie hilo kwa kazi zijazo, halitawasaidia hii.

Muda: wito wiki 4, uchujaji 2, mapendekezo 7, uamuzi 2, mkataba na vibali 6, kuandaa ukuta 6, kuchora 6. Jumla wiki 33. Kwa miezi kumi mchoro unaingia na nafasi kidogo ya mvua. Sanamu ya kusubu, yaani ya kumimina shaba iliyoyeyushwa, haiingii, msijidanganye.

FundiUkuta

Dira kamaliza habari ya watu, mimi niseme ya ukuta. Katibu, rangi iliyobambuka chini ndiyo habari kubwa kuliko yote uliyoandika. Hakuna msanii wala rangi ya kushinda maji yanayosukuma kutoka nyuma.

Kwanza mjue maji yanatoka wapi. Njia ni tatu za kawaida: yanapanda kutoka ardhini kwa sababu msingi hauna kizuizi cha unyevu, yanaruka kutoka sakafuni mvua inapopiga, au kuna bomba linalovuja ndani. Kateni vipande vya plastiki angavu vya sentimita 45 kwa 45, bandikeni ukutani kwa gundi ya utepe kingo zote nne pasiwe na mwanya, muache saa 16 au zaidi. Wekeni viwili chini, kimoja katikati, kimoja karibu na paa. Jasho likitokea upande wa ndani wa plastiki, ukuta unatoa maji. Vya chini tu vikitoa jasho, ni ardhi au mruko wa mvua. Cha juu kikitoa, angalieni kofia ya ukuta, mfereji wa paa na bomba la kushusha maji.

Unga mweupe ukiuona ni chumvi. Usafisheni kwa brashi kavu na kuuzoa. Mkiuosha, maji yanaurudisha ndani na utatokea tena chini ya rangi mpya, uisukume itoke kama ganda.

Kisha gongeni ukuta mzima kwa mpini wa nyundo, hatua kwa hatua. Panapolia utupu, lipu imeachia. Zungushieni chaki, kateni kwa umbo la mraba hadi kwenye tofali, mjaze kwa mchanganyiko unaofanana na wa zamani. Msiweke saruji kali kuliko iliyopo: inabana, inapasuka pembeni na kuacha mstari wa fremu utakaoonekana chini ya mchoro. Lipu mpya ikae siku 28 kabla ya rangi ya akriliki, maana bado ina magadi makali yanayounguza rangi nyingi nyekundu na za njano na kuvunja mshikamano wake.

Rangi iliyopo ipimwe: chaneni alama ya X kwa kisu, bandikeni utepe, ung'oeni kwa kasi. Ukitoka na rangi, rangi hiyo iondolewe. Hapa ndipo mnachagua njia. Rangi ya silikati hushikana na saruji au jiwe kikemia na huacha ukuta upumue, kwa hiyo inafaa ukuta wenye unyevu kidogo, lakini inadai uso mtupu usio na rangi ya zamani. Kama hamtaweza kung'oa rangi yote kwenye mita za mraba 108, tumieni akriliki asilimia 100 na praima yake (rangi ya chini ya kushikiza), si rangi ya emalsheni ya ndani.

Hesabu: lita moja hufunika mita za mraba 8 hadi 10 kwenye lipu laini, 5 hadi 6 kwenye lipu ya kukwaruza. Chukulieni 8. Praima mkono mmoja (tabaka moja) ni lita 13.5, rangi ya msingi mikono miwili ni lita 27. Rangi za mchoro wenyewe ni juu yake, nazo hutegemea msanii, ila wengi hukadiria kama mkono mmoja mzima na nusu.

Ukuta unaotazama magharibi unapigwa na jua la alasiri. Lipu ikiwa moto, rangi hukauka kabla ya kushika na brashi huacha mikwaruzo. Msanii afanye kazi asubuhi ukuta ukiwa kivulini, na asianze mapema sana: joto la ukuta liwe juu ya kiwango cha umande (joto ambalo hewa huanza kutoa umande) kwa nyuzi 3 au zaidi, vinginevyo anapaka juu ya utando wa maji usioonekana kwa macho.

Kupauka. Mdai karatasi ya kiufundi ya kila rangi na msome namba ya pigmenti (unga unaotia rangi), maana jina la rangi kwenye kopo ni la biashara tu. PR101 na PY42 ni oksidi za chuma, PB15 na PG7 ni buluu na kijani imara, PW6 ni nyeupe ya titani. Hizo hudumu juani. PR3, nyekundu ya bei rahisi, hupauka hasa ikichanganywa na nyeupe, na rangi za kung'aa kama taa za usiku hufa upesi kuliko zote. Ndiyo maana michoro mingi ya zamani imebaki ya buluu: nyekundu na njano zimeondoka, nyuso za watu zimegeuka za wagonjwa. Mwambieni msanii mapema, apange ngozi za watu kwa oksidi.

Jambo moja la usanifu: mita 2 za chini ndizo zitakazochafuliwa, kugongwa na kuchorwa na vijana. Hapo pakae rangi moja bapa au nakshi inayojirudia, ambayo fundi yeyote anaweza kuirudia kwa kopo lenye namba ileile. Nyuso na maandishi viende juu.

Kuna pia njia ya kuchora kwenye kitambaa chembamba cha poliesta ndani ya ukumbi, kisha kukibandika ukutani kwa jeli ya akriliki. Philadelphia wameitumia sana. Kwa vipande vya mita 1.5 kwa 1.5 ukuta wenu unakula 48. Faida yake ni kwamba wakazi na wanafunzi wanaweza kuchora bila kupanda jukwaa, na jukwaa linakaa siku chache. Ila kwenye ukuta wenye maji kitambaa huvimba malengelenge, kwa hiyo rudini kwenye plastiki zenu kwanza.

MpitaNjia

Miti. Angalieni kama kuna mti mbele ya ukuta na utakuwa na ukubwa gani miaka mitano ijayo. Muulizeni pia mwenye kiwanja cha jirani kama anapanga kujenga.

Kalibu

Kuhusu sanamu, nakubaliana na Dira juu ya muda, ila nisingependa Katibu aifute kabisa. Uwanja unaweza kuwa awamu ya pili.

Sanamu ya bronzi huanza kwa udongo, kisha kalibu ya silikoni, kisha nta, kisha ganda la kauri, nta inayeyushwa itoke, ndipo shaba iliyoyeyuka inamiminwa kwenye joto la zaidi ya nyuzi 1,000. Sehemu husubiwa moja moja, huchomelewa, hupigwa patasi, hupewa rangi kwa kemikali na moto, mwisho hupakwa nta. Mtu mmoja wa ukubwa wa binadamu huchukua miezi sita hadi kumi na miwili, na foleni ya kiwanda cha kusubia haimo humo. Unene wa ukuta wa shaba uwe milimita 5 hadi 6. Ukiwa mwembamba, mtoto akining'inia mkono unapinda. Ukiwa mnene, shaba inabonyea inapopoa.

Msiagize ukubwa halisi wa mtu. Nje, angani, sanamu ya ukubwa halisi huonekana ndogo. Mara 1.1 hadi 1.25 ndiyo inayoonekana sawa.

Kinachoua sanamu mara nyingi ni kiunzi cha ndani. Chuma cha kawaida kikigusana na shaba penye unyevu, chuma ndicho kinacholiwa. Sanamu ya Uhuru ya New York ni somo la wazi: vyuma vya ndani vilitengwa na ngozi ya shaba kwa kitambaa cha asbesto, kitambaa kikachoka, kutu ikavimba na kung'oa ribiti. Kwenye ukarabati wa 1984 hadi 1986 vyuma karibu 1,800 vilibadilishwa kwa chuma kisichoshika kutu cha daraja 316L. Andikeni daraja hilo la 316 kwenye mkataba kwa kiunzi na bolti zote. Na tundu la kutoa maji kila sehemu inayoweza kukusanya maji, pamoja na viatu, kipenyo cha milimita 10 au zaidi, kwa sababu tundu dogo linazibwa na vumbi na buibui.

Msingi usianze bila kupima udongo. Sanamu ya Angel of the North ya Gateshead, Uingereza, ya Antony Gormley, iliyosimamishwa 1998, ina kimo cha mita 20 na mabawa ya mita 54. Imesimama kwenye eneo la mgodi wa zamani wa makaa ya mawe, na nguzo za msingi zimeshuka mita 20 chini. Upepo kwenye mabawa ndio ulioamua chuma kingapi kizikwe. Sanamu yenu haitakuwa hivyo, lakini mjini chini ya uwanja huwa kuna mabomba, nyaya na misingi ya majengo yaliyobomolewa. Ombeni ramani za huduma kabla ya kuchagua pa kusimama.

Watoto watapanda, hilo lichukulieni kuwa la hakika. Msiache uwazi wa kati ya milimita 89 na 230, hapo kichwa cha mtoto huingia kisitoke. Na kitu kinachochomoza zaidi ya milimita 100 kwenye kimo cha kati ya milimita 680 na 2,030 hakiguswi na fimbo nyeupe, kwa hiyo asiyeona atakigonga na uso. Kiteremsheni chini au muweke ukingo chini yake.

Faibaglasi ni rahisi kwa bei, ndiyo, na itawachosha. Uso wake hugeuka chaki juani na hupasuka penye bolti. Bora sanamu ndogo ya shaba kuliko kubwa ya faibaglasi.

Katibu_Kamati

Asanteni sana wakuu, hapa nimepata zaidi ya nilivyotegemea. Muuzaji mmoja wa rangi anatushauri tumalizie na vanishi ngumu ya poliurethani, ya kudumu, ili maandishi ya kihuni yafutike kwa dawa. Ni sawa? Na bado nasubiri kuhusu mkataba na ugomvi wetu wa historia.

FundiUkuta

Kwa ukuta wenu hapana. Poliurethani ya vijenzi viwili haipumui. Unyevu ukija nyuma yake unainua tabaka zote, mchoro ukiwemo. Tena ikishakauka, rangi ya kurekebishia haishiki juu yake hadi uikwaruze. Paka vanishi ya akriliki yenye kinga ya jua mikono miwili, kisha kwenye mita 2 za chini tabaka la nta la kutolewa mhanga, linalotoka pamoja na uchafu kwa maji ya moto na kurudishiwa upya.

Kalibu

Hapo natofautiana kidogo. Ukuta ukithibitika mkavu, na mtaa ukiwa wa kuchafuliwa kila wiki, nta itawatia hasara ya kurudia rudia. Poliurethani inayopitisha mvuke ipo, ni ghali, lakini kwa mita za mraba 36 za chini inabebeka. Dai karatasi inayoonesha kiwango cha kupitisha mvuke, usikubali neno la muuzaji.

FundiUkuta

Sawa, ukuta ukiwa mkavu. Huu haujawa.

Hakimiliki

Katibu, kukubali kwa mdomo hakutoshi. Kabla ya msanii, fungeni mkataba na mwenye ukuta: muda (miaka 10 ni ya chini), ruhusa ya kuingia kukarabati, marufuku ya kutoboa ukuta kwa mitambo ya hewa, dishi na mabango, na sharti kwamba jengo likiuzwa mnunuzi anarithi makubaliano. Hili la mwisho linahitaji kusajiliwa pamoja na hati ya mali, si barua tu. Andikeni pia nani analipa jengo likihitaji lipu mpya.

Mkataba na msanii usiseme tu "kazi itakuwa mali ya jiji". Kitu chenyewe ni cha jiji, lakini hakimiliki kwa kawaida hubaki kwa msanii isipokuwa aiuze kwa maandishi. Mnachohitaji ni leseni: jiji litumie picha za kazi kwenye tovuti, vipeperushi, elimu na utalii, bila kuuza bidhaa. Mkitaka kuuza fulana, wekeni mgawo. Jina la msanii litajwe kila picha inapotumika.

Haki za kimaadili ndizo huwashtua watu. Kifungu cha 6bis cha Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, kinampa msanii haki ya kutambuliwa na ya kupinga kazi yake kuharibiwa kwa namna ya kumvunjia heshima. Nchi zimeipokea kwa viwango tofauti, kwa hiyo mwanasheria wenu asome sheria ya nchi yenu. Marekani sheria yake ni ya mwaka 1990. Michoro ya 5Pointz huko New York ilipakwa chokaa usiku mmoja mwaka 2013, na mwaka 2018 mahakama ikamwamuru mmiliki awalipe wasanii 21 dola milioni 6.75. Rufaa yake ilishindwa 2020. Kwa hiyo andikeni wazi: mchoro unatarajiwa kuishi miaka mingapi (sema 15), nani anaweza kuamua uondolewe, kwa sababu zipi, na msanii anapewa notisi ya siku ngapi aipige picha au aichukue. Siku 90 ni kipimo kizuri.

Malipo yafuate kitu kinachoonekana. Asilimia 20 kwa kusaini, 20 michoro ya mwisho ikipitishwa na mhandisi, 25 ukuta ukiwa tayari na malighafi ziko eneo la kazi, 25 kazi ikikamilika, 10 baada ya ukaguzi na kukabidhi daftari la matunzo. Msanii asiachiwe kununua malighafi zote kwa mfuko wake. Akikwama kifedha, kazi yenu ndiyo inasimama. Dhamana ya kasoro iwe miaka miwili, ila ihusu ufundi na malighafi, si unyevu wa ukuta mliomkabidhi. Mabadiliko baada ya mchoro kupitishwa yalipiwe, hata akiyataka mkubwa gani.

Mtafiti_Nyaraka

Nami niguse ugomvi. Historia isiamuliwe kwa kura ya mkutano mmoja, maana wenye sauti kubwa watashinda na mafundi wenyewe hawatakuwepo. Lipeni mtafiti kwa wiki sita. Akusanye picha, daftari za mishahara, ramani, na masimulizi ya watu 15 hadi 20, wakiwemo wanawake waliofanya kazi zisizoandikwa daftarini. Matokeo yake yawe kijitabu cha kurasa 20 atakachopewa kila msanii wa awamu ya pili, kwa usawa. Wananchi waulizwe nini kisikosekane na nini kitawaumiza. Mtindo na mpangilio waachieni msanii na jopo. Mkiwauliza wananchi "mnataka mchoro gani", mtapata orodha ya vitu thelathini na msanii atalazimika kuvipachika vyote kama stempu kwenye bahasha.

Usanifu wenyewe nao uoneshwe pale pale kabla ya kupitishwa. Ukuta wa Tilted Arc wa Richard Serra, chuma cha urefu wa mita 36.6 na kimo cha mita 3.66, uliwekwa 1981 kwenye uwanja wa ofisi za serikali New York, ukawakatiza njia wafanyakazi waliokuwa wakivuka kila siku, ukaondolewa 1989. Kwa sanamu, simamisheni umbo la mbao na turubai la vipimo vilevile kwa wiki moja, mtazame watu wanapitaje.

Makosa ya undani ndiyo yatakayowaaibisha, kwa sababu fundi wa reli atayaona kabla ya mtu yeyote. Idadi ya magurudumu ya injini, kiungo cha mabehewa, nyundo ya kupigia ribiti imeshikwa mkono upi, kitambaa kiko upande upi wa mtambo wa kufumia. Wekeni ukaguzi wa lazima: mchoro wa 1:20 uwekwe mezani mbele ya mafundi watatu na wafumaji watatu, kila mmoja azungushie kosa kwa kalamu nyekundu, msanii ajibu kila duara kwa maandishi.

Picha za zamani zina hakimiliki yake. Makumbusho kumiliki nakala ya karatasi hakumaanishi wanamiliki haki za mpiga picha. Kwa mtu aliye hai, sura yake isichorwe bila ridhaa yake iliyosainiwa. Kwa marehemu wa karibuni, kaeni na familia, hata kama sheria haidai. Kama mnachora watu wa kawaida, chagueni sura za kuchanganya, la sivyo kila familia itauliza kwa nini si wa kwao.

Kama mfano wa kazi iliyobebwa na utafiti, tazameni Great Wall of Los Angeles iliyoongozwa na Judith Baca: ilianza kuchorwa 1976 pamoja na vijana, ina urefu wa zaidi ya mita 800, na inasimulia watu waliokuwa hawamo kwenye vitabu vya shule.

Kibao: kanuni ya kawaida ni herufi za milimita 25 kwa msomaji aliye mita 3. Maneno 60 hadi 80, si zaidi. Msomaji wa pili asiyehusika ayasome kabla hayajachongwa, na majina yahakikiwe dhidi ya nyaraka, si kumbukumbu. Msimbo wa kuskani usiwe njia pekee ya kupata maelezo, kwani tovuti hufungwa mapema kuliko rangi kupauka.

Katibu_Kamati

Nimeyachukua yote. La mwisho: baada ya uzinduzi nani anashika kazi? Idara ya ujenzi inasema si yao, ya utamaduni inasema haina mafundi.

Dira

Iandikwe kwenye azimio la baraza kabla ya mkataba kusainiwa: idara ya utamaduni ndiyo mwenye kazi, ya ujenzi inatoa jukwaa na mafundi kwa hati ya ndani. Bila azimio hilo, msanii asianze. Akaunti ya matunzo iwe na watia saini wawili kutoka idara hizo mbili.

FundiUkuta

Ukaguzi ni mara moja kwa mwaka, wiki chache baada ya mvua kuisha. Piga picha kutoka sehemu zilezile tano zilizowekewa alama ya msumari sakafuni, ulinganishe na za mwaka uliopita. Osha kwa maji safi, sabuni laini na brashi ya nywele laini. Mashine ya maji ya shinikizo wasiiguse kabisa, inaingiza maji nyuma ya rangi. Maandishi ya kihuni yatolewe ndani ya saa 48, na dawa yoyote ya kuyatolea ijaribiwe kwanza kwenye kona isiyoonekana. Ubao wa sampuli wa sentimita 30 kwa 30 wenye kila rangi iliyotumika, na namba ya pigmenti na ya kopo nyuma yake, ukae ofisini, si kwa msanii. Marekebisho makubwa msanii aulizwe kwanza. Asipojibu ndani ya siku 30, jiji litafute mwingine.